"Baba mdogo aliacha sigara, akafa"

"Dokta, nimevuta miaka thelathini, mwili umeshazoea. Nikiacha ghafla nitakufa kama baba mdogo." Maneno haya hayakosi kliniki ya kifua, na marehemu ni yuleyule kila mara: mzee aliyevuta tangu ujana, akaacha, akazikwa miezi mitatu baadaye.

Nami huuliza: kwani kilichomfanya aache ni nini? Hapo majibu huanza kuja kwa kusitasita. Alikuwa anakohoa damu. Alikuwa amekonda hadi suruali zinamvuka. Basi kuacha hakukumuua. Aliacha kwa sababu ugonjwa ulishamkamata.

Kweli, wiki za mwanzo wengine hukohoa zaidi. Vinyweleo vya njia ya hewa vilivyopoozwa na moshi vinaamka na kuanza kusukuma makohozi nje. Ongeza arosto: hasira, usingizi kupaa, vidonda mdomoni, choo kigumu. Siku tatu za kwanza ndizo kali, na ndani ya wiki mbili hadi nne hali hutulia. Inakera, haiui. Wanaoogopa kufa wanaichanganya na pombe, ambayo mlevi wa kutupwa akiikata ghafla kweli anaweza kupoteza maisha.

Wala usiniambie umechelewa. Madaktari wanaume wa Uingereza walifuatiliwa tangu 1951, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa 2004: aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka 3 ya kuishi, wa miaka 50 kama 6, wa miaka 40 kama 9.

"Napunguza, sasa ni moja tu baada ya kula." Hiyo moja ya kila siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa ishirini. "Shisha huchujwa na maji." Maji yanapoza moshi tu, kaboni monoksidi inapita. Tanzania iliipiga marufuku 2016 na bado naulizwa!

"Kuacha ni nia, dawa za nini?" Bandiko na bigijii za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009. Ukizipata, tumia.

Ila mimi kwanza nitakuuliza kahawa unanywea wapi. Mwezi wa kwanza inywee nyumbani. Kijiweni muuza sigara moja moja amekaa mkono wa kulia, kiberiti anakuwashia mwenyewe, na hamu ambayo ingepita baada ya dakika chache inakukuta hapo hapo.