Nanasi Haliivi Kapuni

Msafiri anayetoka Bagamoyo kwenda Msata huanza kuyanusa mananasi ya Kiwangwa kabla hajayaona, hasa msimu mkubwa unapofika mwishoni mwa mwaka. Hupangwa mafungu mafungu kando ya lami, mengine ya njano, mengine ya kijani kabisa, na wanunuzi wengi wenye safari ndefu huchagua yale ya kijani wakiamini kwamba yataivia nyumbani. Nimefanya kazi ya kilimo cha matunda katika Mkoa wa Pwani kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la mbolea wala la magonjwa, bali ni hili: "Bwana shamba, hili nikiliweka siku tatu nne si litaiva tu?" Jibu langu huwaudhi wengi. Litabadilika rangi, litalainika, pengine ukali utapungua kidogo, lakini sukari iliyokuwamo siku lilipokatwa shinani ndiyo hiyo hiyo utakayoila.

Sababu yake ni wanga. Ndizi mbichi imejaa wanga, na inapoiva baada ya kukatwa huubadilisha wanga huo kuwa sukari, ndiyo maana mkungu uliofukiwa ukiwa mgumu hutoka mtamu. Embe nalo hufanya vivyo hivyo. Nanasi halina akiba ya namna hiyo, kwani sukari yake yote huletwa kutoka kwenye majani na shina, na sehemu kubwa huingia katika wiki za mwisho kabla ya kuiva. Mkulima anayevuna wiki tatu mapema kwa sababu lori limefika na bei ni nzuri huwa amelikata tunda katikati ya chakula chake. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa chini, ya shambani na ya mezani, yananirudisha kwenye jambo hilo moja.

Mmea wenyewe ni wa ajabu kidogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina tunaloliita lilitoka huko huko, katika lugha ya Watupi, likasafiri na Wareno hadi kwetu. Tunda moja si tunda moja kwa maana ya kawaida: ni maua mia moja hadi mia mbili yaliyoshikana, na kila jicho unaloliona kwenye ganda lilikuwa ua. Maua hayo hayahitaji kuchavushwa ili tunda likue; yakichavushwa na nanasi la aina nyingine, tunda huota mbegu ngumu zinazokera meno. (Huko Hawaii sheria inakataza kuingiza ndege wadogo wanyonya maua kwa hofu hiyo.) Jambo la pili ni kwamba mnanasi hupumua usiku. Mimea mingi hufungua matundu ya majani yake mchana na kupoteza maji mengi juani, lakini mnanasi huyafungua usiku, ukavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana ukaitumia huku milango imefungwa. Hivyo huvumilia kiangazi ambacho mahindi ya jirani hayawezi kukivumilia.

Kwa upande wa lishe, nanasi ni maji kwa takriban asilimia 86, na gramu 100 za nyama yake hutoa kama kalori 50, sukari gramu 10 hivi, nyuzinyuzi zaidi kidogo ya gramu moja, pamoja na madini ya manganizi kwa kiwango ambacho matunda mengi hayakifikii. Manganizi husaidia ujenzi wa mifupa na kazi ya vimeng'enya vingi mwilini. Vitamini C ndiyo inayosifiwa zaidi, na hapo ningependa wasomaji wawe waangalifu, kwa sababu aina ya nanasi huleta tofauti kubwa. Aina mpya tamu za kundi la MD2, lililoanza kuuzwa kwa wingi duniani mwaka 1996, hupimwa kuwa na miligramu 56 hivi katika gramu 100, ilhali aina za zamani hupimwa kuwa na 17 tu. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Hata hivyo, faida ambayo mimi naithamini kuliko zote haimo katika nanasi peke yake, bali katika kuliweka kwenye sinia moja na mchicha, kunde au maharage: vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na mazao jamii ya kunde, ambayo bila msaada huo mengi yake hupita tu. Kwa mama mwenye upungufu wa damu ambaye nyama huiona sikukuu hadi sikukuu, vipande viwili vya nanasi baada ya ugali na mchicha vina maana kubwa.

Kisha kuna bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ndicho kinachochangia ulimi kuwasha ukila nanasi jingi, kwa kuwa kinaanza kuumeng'enya ulimi wenyewe, kikisaidiwa na chembe kali kama sindano zilizomo ndani ya tunda. Mchoma mishkaki anayelaza nyama katika juisi ya nanasi anakijua vizuri hata kama hajui jina lake: nusu saa hulainisha, usiku kucha hugeuza nyama kuwa uji. Bromelaini imefanyiwa uchunguzi kwa ajili ya uvimbe, na dawa iliyotengenezwa nayo hutumika hospitalini kuondoa ngozi iliyoungua. Lakini ile inayotumika kwenye tiba hukamuliwa hasa kutoka kwenye shina, ambako imo kwa wingi kuliko kwenye tunda, nayo hufa kwa joto. Kwa hiyo unapopokea kwenye simu ule ujumbe unaosema kwamba maji ya moto ya nanasi huua saratani, fahamu kwamba hakuna ushahidi wa dai hilo, na kwamba maji hayo ya moto yamekwisha kukiharibu kimeng'enya chenyewe kinachosifiwa. Maganda yaliyochemshwa na tangawizi ni kinywaji kizuri, nami nakinywa. Ni kinywaji, si dawa.

Wajawazito wengi wa kwetu hukatazwa nanasi kwa hofu ya mimba kutoka. Hakuna uthibitisho kwamba kulila kwa kiasi cha kawaida huleta madhara hayo, ingawa mwenye kiungulia, mjamzito au la, atajuta akila nanasi kali tumbo likiwa tupu. Mwenye kisukari ale vipande vichache na aiache juisi, kwa sababu glasi moja hubeba sukari ya vipande vingi bila zile nyuzinyuzi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asinunue vidonge vya bromelaini kabla ya kumwuliza daktari wake.

Nirudi shambani. Mnanasi hupenda udongo wa kichanga tifutifu wenye uchachu, pH kati ya 4.5 na 6, na hauvumilii maji yaliyotuama hata kidogo. Mizizi yake ni mifupi, na mahali palipo na tope moyo wa mmea huoza ukatoa harufu mbaya, majani ya kati yakang'oka ukiyavuta kwa vidole viwili. Kwenye tambarare inayoshika maji, panda juu ya matuta. Nafasi ninayoipendekeza ni mistari miwili miwili, sentimita 60 kati ya mstari na mwenzake, sentimita 30 kati ya mmea na mmea, na njia ya sentimita 90 ya kupita mvunaji; ekari moja hapo huchukua mimea 18,000 hivi. Wakulima wengi hupanda kwa nafasi kubwa zaidi wakitumaini matunda makubwa, na huyapata, ila machache. Matandazo ya nyasi kavu kati ya mistari huokoa palizi mbili tatu, na palizi katika shamba la mananasi yenye miiba si kazi ya kumtakia mtu.

Katika mbegu ndiko nilikopata somo langu mwenyewe. Shamba langu la kwanza nililipanda kwa kila nilichopewa bure na majirani: machipukizi ya shinani, machipukizi madogo yanayoota chini ya tunda, na vishungi, yaani yale mafungu ya majani yaliyo kichwani mwa nanasi. Sikujua kwamba chipukizi kubwa la shinani huzaa baada ya miezi 15 hadi 18, ilhali kishungi huweza kuchukua miaka miwili. Shamba likawa kama ukoo, lina babu na wajukuu. Mnunuzi alipoleta gari, matunda yaliyokuwa tayari hayakujaza hata robo yake. Tangu hapo huyatenga machipukizi kwa aina na kwa ukubwa, kila kundi katika eneo lake. Baya zaidi, mbegu hizo za bure zilikuja na vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga unaofanana na pamba, ambao hueneza ugonjwa wa mnyauko: majani huwa mekundu, hujikunja ncha, mizizi ikafa. Sisimizi huwalinda na kuwahamisha kutoka mmea hadi mmea kwa sababu hulamba utamu wanaoutoa, hivyo anayepambana na vidung'ata akawaacha sisimizi hajafanya kitu. Chagua machipukizi kutoka shamba safi, yabandue majani makavu ya chini, uyaanike juani yakiwa yamepinduliwa kwa wiki moja au mbili ndipo upande.

Jambo ambalo lingebadilisha kipato cha wakulima wa Kiwangwa kuliko mbolea yoyote ni kupanga siku ya kutoa maua. Mnanasi ulioachwa wenyewe husubiri usiku wa baridi na ufupi wa mwanga wa mchana, yaani Juni na Julai kwetu, ndipo huchanua. Tunda likichukua miezi mitano hadi sita, kila mtu huvuna kuanzia Novemba hadi Januari, na bei huanguka hadi matunda yakaozea shambani. Dawa yake imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1874, katika visiwa vya Azores, moshi ulioingia kwa bahati ndani ya nyumba ya vioo iliyopandwa mananasi uliyafanya yachanue yote. Baadaye ikafahamika kwamba kitendaji ni gesi ya ethilini iliyomo katika moshi. Leo hutumika ethefoni, dawa ya maji inayotoa gesi hiyo hiyo, au kabaidi ile ile ya wachomeleaji iliyoyeyushwa katika maji baridi, ikamiminwa kidogo kwenye moyo wa kila mmea. Nashauri ifanyike usiku au alfajiri, wakati ule mmea unapopumua, na pasiwe na moto karibu, kwani gesi ya kabaidi hulipuka. Mmea uwe umekomaa. Ukilazimishwa ungali mdogo, tunda nalo litakuwa dogo. Anayemimina Desemba huvuna Juni, soko likiwa na njaa.

Ethefoni hiyo hiyo, ikipuliziwa juu ya tunda lililokwisha kukua, hulitia ganda rangi ya njano kwa siku chache, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika: rangi imekuja, sukari haijafika. Kwa hiyo usitazame rangi peke yake. Tazama macho ya ganda kama yamejaa na kutandaa badala ya kuchongoka, linuse kitako, na ulipime uzito mkononi. Kulivuta jani la kishungi, ambako wauzaji hukupenda sana, hakuthibitishi lolote. Mkulima naye asubiri njano ya asili ipande kutoka kitakoni hadi robo ya tunda kwa soko la mbali, au nusu kwa soko la karibu, kisha akate kwa kisu akiacha kikonyo kifupi, asilivunje kwa kulipinda.

Ukifika nalo nyumbani lisikae zima ndani ya friji, maana baridi kali hulifanya liwe jeusi ndani. Limenye, kisha ndipo uliweke. Na unapokata, ukumbuke kwamba macho ya chini ndiyo yaliyotangulia kuchanua na kuiva, hivyo kitako ni kitamu kuliko upande wa kishungi. Likate kwa urefu, kutoka juu hadi chini, ili mtoto wa mwisho kufika mezani asiachiwe kipande kikali peke yake.