Intaneti ya nyumbani inayokatika-katika: nini cha kusoma kwenye ruta kabla ya kuizima

Wateja wengi wanaponipigia simu huwa wamekwisha kuizima ruta na kuiwasha tena, na pengine wamekuwa wakifanya hivyo kila jioni kwa majuma kadhaa. Sababu yao inaeleweka, kwa kuwa huduma hurudi. Tatizo ni kwamba ruta nyingi za nyumbani huandika kumbukumbu za matukio katika hifadhi ya muda inayofutika mara umeme unapoondoka, na pamoja na kumbukumbu hizo hupotea vihesabu viwili vya muda ambavyo mimi huvisoma kabla ya kugusa waya wowote.

Vihesabu hivyo vipo kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, unaofunguliwa kwa kuandika anwani yake, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, katika kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo. Anwani na nywila ya kuingilia mara nyingi zimechapishwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa. Kihesabu cha kwanza huonyesha ruta imekaa ikiwaka kwa muda gani. Cha pili huonyesha muunganisho kati ya ruta na kampuni ya intaneti umedumu kwa muda gani. Si kila ruta huonyesha hicho cha pili, ingawa zile zinazojitambulisha kwa kampuni kwa jina na nywila, yaani kwa utaratibu wa PPPoE, kwa kawaida huwa nacho.

Tuseme huduma imekatika saa tatu usiku, ikarudi yenyewe, nawe ukafungua ukurasa huo baada ya robo saa. Ukikuta ruta inasema imewaka kwa dakika kumi na kitu tu, basi ilizimika yenyewe, na shida ni ya umeme, ya joto au ya kifaa chenyewe. Ukikuta ruta imewaka siku nyingi lakini muunganisho wa nje una dakika chache, shida iko kwenye laini au upande wa kampuni. Vyote viwili vikionyesha siku nyingi, kampuni haikukukatia kitu: ama Wi-Fi ndiyo iliyokatika, ama laini ilikuwa imejaa, ama tatizo liko mbali zaidi ya kampuni yako. Kila moja ya hali hizi ina tiba yake, na tiba ya moja haiisaidii nyingine hata kidogo, ndiyo maana sipendi kusikia mtu ameshauriwa kununua ruta mpya kabla ya mtu yeyote kusoma namba hizi.

Nianze na ruta inayojizima, kwa sababu katika nyumba za Dar es Salaam ninaikuta mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Ruta nyingi hutumia volti 12, na adapta iliyochoka hutoa volti hizo vizuri kabisa inapopimwa ikiwa haijachomekwa kwenye kifaa. Inapobebeshwa mzigo, yaani jioni ambapo simu za nyumba nzima, runinga na kamera zimeingia kwenye Wi-Fi, volti hushuka kwa kitambo kidogo na ruta hujiwasha upya. Fundi anayepima adapta ikiwa mkononi na kutangaza kuwa ni nzima hajapima kitu. Angalia pia kiwango cha ampea: adapta ya volti 12 na ampea 0.5 iliyotolewa kwenye king'amuzi cha zamani itaiwasha ruta inayohitaji ampea 1 au 1.5, na itaendelea kuiwasha mpaka siku ruta itakapohitaji nguvu yake yote. Adapta mpya yenye volti zile zile, ampea zisizopungua zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha ruta, na ncha ya aina ile ile, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya ruta.

Umeme wenyewe unaposhuka kwa sekunde moja, taa za nyumbani hufifia tu, lakini ruta huanguka na kuchukua dakika mbili au tatu kurudi. Betri ndogo ya akiba ya volti 12 huondoa kero hiyo, ila wengi huiunganisha na ruta peke yake na kusahau kisanduku cha faiba kilicho ukutani, ambacho mafundi hukiita ONT. Kisanduku hicho kikizimika, ruta inayowaka haina wa kuzungumza naye. Kuhusu joto nina neno moja: ruta iliyowekwa ndani ya kabati la runinga, juu ya king'amuzi, mwezi Februari, haiwezi kutulia.

Hali ya pili, ambapo ruta ni nzima na muunganisho wa nje ndio unaoanguka, inahitaji uangalifu zaidi. Kwa wenye faiba, taa ya LOS inapowaka nyekundu maana yake ni kwamba mwanga kutoka kwa kampuni haufiki au umedhoofika kupita kiasi. Taa hiyo hata hivyo husema ndiyo au hapana tu, ilhali laini inayokatika-katika huwa inaning'inia katikati. Kwa hiyo tafuta kwenye ukurasa wa ONT namba ya nguvu ya mwanga unaopokelewa, inayoandikwa kwa dBm na yenye alama ya kutoa mbele yake. Katika mtandao wa GPON, yaani ule unaogawa faiba moja kwa nyumba nyingi, wa daraja la B+, ambalo limeenea sana, kipokezi cha nyumbani kimetengenezwa kufanya kazi kati ya -8 na -27. Laini yenye -20 imetulia. Yenye -27 inaishi ukingoni, na yenye -26 leo na -23 kesho inakueleza kwamba kuna mahali waya unachezacheza.

Kipimo hiki ni cha logariti, yaani hupanda na kushuka kwa kuzidisha na kugawanya, na hilo huwapotosha wengi. Kila desibeli 3 zinazopungua ni nusu ya mwanga iliyopotea, kwa hiyo kutoka -21 hadi -27 si tofauti ndogo: umebaki na robo tu ya mwanga uliokuwa nao. Sehemu kubwa ya upotevu ni ya kawaida na haikwepeki, kwa kuwa kigawanyio kinachogawa mwanga wa waya mmoja kwa nyumba 32 hupoteza peke yake takribani desibeli 17. Kinachobaki ni akiba ndogo, na akiba hiyo ndiyo inayoliwa na waya uliokunjwa nyuma ya kochi, na kiunganishi chenye vumbi, au na meno ya panya darini. Waya wa kawaida wa aina ya G.652 haupendi kukunjwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 30. Ule wa G.657.A2, unaofaa zaidi kwa matumizi ya ndani ya nyumba, huvumilia hadi milimita 7.5. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, kwa hiyo chukulia kuwa wako ni ule dhaifu, na usiufunge kwa kamba za plastiki zilizokazwa. Angalia pia rangi ya viunganishi: cha kijani kimekatwa kwa mshazari na cha buluu kimenyooka, na vikichomekwa pamoja vitaingia bila ubishi lakini mwanga mwingi utapotea. Ukichomoa kiunganishi, usichungulie ncha yake. Mwanga wa faiba hauonekani kwa jicho, na kutokuonekana hakuufanyi uwe salama kwa jicho hilo.

Kuna kisa kimoja ambacho mteja hawezi kukitatua hata angefanya nini, nacho ni kile cha ONT ya jirani iliyoharibika na kurusha mwanga nje ya zamu yake. Nyumba zote zilizo chini ya kigawanyio kimoja hupokezana nafasi ya kurusha, hivyo kifaa kimoja kisichonyamaza huvuruga wote. Dalili yake ni kwamba nguvu ya mwanga unaopokea ni nzuri, lakini wewe na majirani wa mtaa huo huo mnakatika kwa wakati mmoja. Waulize majirani saa zao za kukatika kabla ya kupiga simu. Taarifa ya nyumba tatu ina uzito kuliko malalamiko ya nyumba moja.

Sasa hali ya tatu, ambapo vihesabu vyote vinasema hakuna kilichotokea. Hapa chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, fungua madirisha mawili ya amri, na utumie amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kupima jibu limechukua muda gani: katika moja andika ping -t 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako) na katika jingine ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Kwenye kompyuta zisizo za Windows usiandike ile -t. Viache viendelee jioni nzima. Ikiwa kwa waya vyote viwili vinajibu wakati simu zinalalamika, tatizo ni Wi-Fi. Ikiwa ruta inajibu kwa milisekunde moja lakini 8.8.8.8 inapanda kutoka milisekunde zake za kawaida hadi mamia kisha kushuka, laini haikatiki bali imejaa: kuna kamera inayopeleka video nje, au simu inayohifadhi picha mtandaoni, na foleni ya data zinazotoka inawachelewesha wote hadi simu za video zinaganda. Dawa ni kuweka kwenye ruta kikomo cha kasi ya kupakia, kiasi cha asilimia 85 au 90 ya kasi halisi, ili foleni isijengeke nje ya udhibiti wako.

Kwenye Wi-Fi, masafa ya GHz 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa za Kariakoo au Upanga zote tatu zimejaa ruta za majirani. Tiba ya kawaida ni kuhamia GHz 5, ambako nafasi ni kubwa, ila kuna mtego ambao hata mafundi husahau. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na ruta iliyo huko inalazimika kusikiliza na kuhama ndani ya sekunde 10 ikidhani imesikia rada, kisha isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Ikihamia chaneli nyingine ya kundi hilo, hunyamaza kwa angalau sekunde 60 ikisikiliza kwanza. Kwa mtumiaji, huo ni mkatiko wa dakika nzima au zaidi usio na sababu, na vihesabu havionyeshi chochote. Chagua mwenyewe chaneli kati ya 36 na 48 badala ya kuiachia ruta ijichagulie.

Kosa jingine la humu humu ndani ni ruta mbili. Mtu hununua ruta ya pili kwa ajili ya vyumba vya nyuma, akaichomeka kwenye tundu la kawaida la ile ya kwanza, na zote zikaendelea kugawa anwani. Mara nyingi zote zinajiita 192.168.1.1. Simu inayopata anwani kutoka kwa isiyo sahihi hupotea mtandaoni, na baadaye hurudi. Zima huduma hiyo ya kugawa anwani, iitwayo DHCP, kwenye ruta ya pili, na uipe anwani tofauti.

Huduma ikilegea kwa nchi nzima, usiguse chochote nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kwa pamoja, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko waliathirika. Siku kama hiyo ruta inaonyesha kila kitu kizima, na ni kizima kweli.

Unapoipigia simu kampuni, usiseme tu kwamba intaneti inasumbua, kwa sababu utaambiwa uzime na kuwasha. Taja saa za kukatika za siku chache mfululizo, vihesabu vyote viwili, nguvu ya mwanga kwa dBm, rangi ya taa ya LOS wakati wa tukio, na kwamba umepima kwa waya. Fundi akija, mwombe apime mwanga kwa kipimo chake kwenye kisanduku cha ukutani kabla ya kubadilisha kifaa chochote, halafu apime tena akishamaliza, na uandike namba zote mbili pamoja na tarehe kwenye kibandiko ukibandike juu ya ONT.