Marguerite Durand na gazeti lenye tarehe nyingi

Ninapofundisha historia ya magazeti ya Ufaransa, huwaonyesha wanafunzi kichwa cha ukurasa wa kwanza wa La Fronde, gazeti la wanawake la mwishoni mwa karne ya 19, kabla hatujasoma habari yoyote. Hapo zimepangwa tarehe kadhaa za siku ile ile: ya kalenda ya kawaida, ya kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, ya Kiyahudi na ya Kirusi. Msomaji wa zama zile aliusoma msimamo mzima wa gazeti katika mstari huo mmoja, kwamba hapa Kanisa Katoliki halimiliki siku wala mwaka.

Mwenye gazeti, Marguerite Durand, alizaliwa nje ya ndoa mjini Paris mwaka 1864, akasomeshwa na masista, akawa mwigizaji wa Comédie-Française, jumba la maigizo la taifa, kisha mwaka 1888 akaolewa na Georges Laguerre, wakili na mbunge. Ndoa ilivunjika mapema, naye akaingia Le Figaro. Mwaka 1896 gazeti hilo lilimtuma kwenye kongamano la kimataifa la kutetea haki za wanawake, akaandike makala ya kuwakejeli waliohudhuria. Alikwenda, akawasikiliza, akakataa kuiandika. Tarehe 9 Desemba 1897 La Fronde likatoka. Jina hilo maana yake ni kombeo, na pia ndilo jina la maasi ya karne ya 17 dhidi ya utawala wa kifalme.

Wengi humkumbuka kwa nywele zake za dhahabu na kwa simba aliyemfuga (akampa jina la Tigre, yaani chui milia!), lakini mimi huvutiwa zaidi na chumba chake cha uchapaji. Waandishi, wahariri, hata wapanga herufi za chuma za kuchapia walikuwa wanawake, na wapanga herufi hao walilipwa kiwango kile kile walicholipwa wanaume. Gazeti la asubuhi hupangwa usiku, na sheria ya mwaka 1892 ilikuwa imewakataza wanawake kazi ya usiku viwandani kwa hoja ya kuwalinda. Ajabu ni kwamba kukunja magazeti usiku, kazi ya ujira mdogo, waliruhusiwa. Kupanga herufi, kazi yenye malipo mazuri, walikatazwa. Durand aliona wazi ni nani hasa aliyekuwa akilindwa, na chama cha wachapaji wanaume hakikumpenda kwa hilo. Naye hakuwa bila doa: mwaka 1901 chama cha wanawake wapanga herufi alichokiasisi kilipeleka wafanyakazi Nancy kushika nafasi za wanaume waliokuwa wamegoma, jambo ambalo hata leo naona vigumu kulitetea.

Katika La Fronde ndimo mwandishi wa habari Séverine alimoandika kumtetea Dreyfus, afisa wa jeshi Myahudi aliyesingiziwa uhaini, akiripoti kesi yake iliyosikilizwa upya mjini Rennes mwaka 1899. La Fronde lilitoka kila siku hadi 1903, kisha mara moja kwa mwezi hadi Machi 1905, miezi michache kabla ya sheria ya Desemba iliyotenganisha Kanisa na dola.

Ungedhani kwamba wanasiasa waliopigania sheria hiyo wangekuwa wa kwanza kuwapa wanawake kura. Ilikuwa kinyume. Wengi wao, hasa wa chama cha Radical, walihofu kwamba mwanamke angepiga kura aliyoelekezwa na padri kwenye kitubio, na hofu hiyo ikawa kisingizio cha miaka mingi, ilhali mwanamume aliyekwenda misa kila Jumapili hakuulizwa kura yake ilitoka wapi. Durand, aliyewakaribia sana watu hao katika vita vyao dhidi ya mamlaka ya makasisi, aligombea ubunge mwaka 1910 akijua kwamba sheria haimtambui. Bunge la chini lilipitisha kura ya wanawake mwaka 1919. Seneti ikaikataa mwaka 1922.

Mwaka 1931 aliukabidhi mji wa Paris vitabu, barua, picha na magazeti aliyokuwa amekusanya kwa miaka mingi, akaisimamia maktaba hiyo mwenyewe bila mshahara hadi alipofariki Machi 1936, miaka 9 kabla wanawake wa Ufaransa hawajapiga kura kwa mara ya kwanza. Maktaba bado ina jina lake, na La Fronde limehifadhiwa humo pamoja na tarehe zake zote.