Gundi ya Kibao cha Kukatia: Someni Lebo Yote

Malalamiko tunayopokea kuhusu vibao vya kukatia vilivyotengenezwa nyumbani yanafanana: kibao kimeoshwa mara chache tu, maungio yakaachia. Tukiuliza gundi gani ilitumika, tunaambiwa "ile kali kabisa." Ukali si kigezo. Gundi nzuri ya mbao, ungio likibana sawasawa, huushinda ubao wenyewe. Maswali ya kujiuliza ni mawili, na kila moja lina jibu lake: je, inastahimili maji? Je, imeruhusiwa karibu na chakula?

Kuhusu maji, tazameni alama za kiwango cha Ulaya EN 204, kuanzia D1 hadi D4. Sampuli ya D3 huachwa siku 7 ikauke, kisha hulowekwa siku 4 katika maji ya nyuzi joto 20. Ikitolewa ingali imelowa, ungio lazima lihimili mvuto wa angalau nyutoni 2 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila milimita ya mraba. Kwa D4 kipimo hicho ni nyutoni 4. Sampuli nyingine ya D4 huchemshwa saa 6, hupozwa saa 2 katika maji baridi, na bado inadaiwa nyutoni 4. Kibao kinachooshwa na kufutwa papo hapo kinatosheka na D3. Kinacholala kwenye beseni kinahitaji D4, ingawa hata hiyo haiuzuii ubao kuvimba na kupasuka.

Alama ya D4 haisemi lolote kuhusu chakula. Tumelieleza hili mara nyingi na bado tunaletewa chupa yenye alama ya D4 kama ushahidi kwamba gundi inafaa kwa chakula. Kwa Marekani, tafuteni maelezo kwamba gundi inakidhi kanuni ya 21 CFR 175.105, inayohusu gundi zinazogusa chakula isivyo moja kwa moja. Kwa Umoja wa Ulaya ipo Kanuni ya 1935/2004: kifungu cha 3 kinakataza kifaa kuhamishia chakula kemikali kwa kiasi cha kudhuru afya au kuharibu ladha, na kifungu cha 17 kinamtaka mfanyabiashara aweze kuonyesha malighafi ilitoka wapi. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama. Kwa hiyo anayeuza vibao huko atunze risiti na lebo za gundi.

"Ikishakauka haina neno" si kweli kwa kila gundi. Gundi ya yurea-fomaldehaidi huendelea kutoa fomaldehaidi, gesi yenye madhara, baada ya kukauka. Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, ikichanganywa kwa kukisia hubaki na kemikali ambazo hazijaungana. Gundi ya poliyurethani hutoa povu linaloziba mianya kwa macho tu, bila kuongeza nguvu yoyote. Ile ya ngozi za wanyama hulainika kwa maji.

Pigeni randa ubavu wa kila kipande cha ubao hadi mwanga usipenye kati ya vipande viwili. Pakeni gundi, kazeni klempu (vibano) hadi vitone vidogo vitokeze kwenye mstari wote, kisha acheni saa 24 kabla ya kupiga msasa. Pasipotokeza kitone, gundi ilikuwa haba mahali hapo.

Ungio likiachia, msimiminie gundi mpya juu ya ile kavu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokwisha kauka. Pasueni ungio lote, pigeni randa mpaka mbao tupu ionekane, ndipo muunge upya.