68,800: dhana potofu kuhusu namba ya ziwa letu

Aliyesoma Mwanza huikumbuka namba 68,800, yaani eneo la Ziwa Victoria kwa kilomita za mraba. Huikariri kwa ajili ya Jiografia, lakini ukiipeleka kwenye Hisabati dhana potofu huanza kujitokeza.

Iliyoenea zaidi ni kwamba namba kubwa namna hii haichambuliki kuwa namba ndogo zinazozidishana bila kikokotoo. Ukweli ni kwamba sifuri mbili za mwisho hukupa papo hapo 2 × 2 × 5 × 5, na 688 inayobaki hugawanyika kwa 2 mara nne mfululizo hadi ifike 43, namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe, inayosimama peke yake kama Jiwe la Bismarck, lile lililomo ziwani pale Mwanza. Kwa hiyo 2 imejirudia mara sita, 5 mara mbili na 43 mara moja. Idadi ya vigawo vyote, yaani namba zinazoigawa bila baki, haihitaji orodha: ongeza 1 kwenye kila kipeo (idadi hizo za kujirudia), kisha zidisha 7 × 3 × 2, upate 42.

Wengine huhitimisha kwamba namba ikizidi kuwa kubwa, vigawo navyo huongezeka. Sivyo. Namba inayofuata, 68,801, ina vigawo vinne tu: 1, 107, 643 na yenyewe, ilhali 55,440, iliyo ndogo kuliko zote mbili, ina vigawo 120.

Hiyo 68,801 ndiyo inayoumbua dhana ninayoiona mbaya kuliko zote, kwamba namba witiri isiyogawanyika kwa 3, 5, 7 wala 11 ni tasa. Mwanafunzi hujaribu hizo nne, akaridhika, akaweka kalamu chini. Kanuni inamtaka ajaribu kila namba tasa isiyozidi kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 262 na ushei, kwa sababu vigawo viwili vinavyozidishana kuleta 68,801 haviwezi vyote kuzidi kiwango hicho. Ya 28 katika mfuatano wa namba tasa, 107, ndipo inapokubali.

Wapo pia wanaodhani kwamba vigawo vya namba, ukiiacha yenyewe, haviwezi kujumlishwa vikaizidi. Vya 68,800 vinafikia 104,428. Vya jirani yake vinaishia 751.

Mwisho ni dhana kwamba sifa hizi ni za ziwa. Ziwa lilelile kwa maili za mraba ni takriban 26,600, namba yenye vigawo 48, inayogawanyika kwa 7 na 19 lakini si kwa 43. Tena 68,800 yenyewe ni makadirio, na namba yoyote iliyokadiriwa katika mamia, hata ingekuwa ya kisima, tayari ina vigawo visivyopungua tisa: 1, 2, 4, 5, 10, 20, 25, 50 na 100.