Planetariamu ya Kompyuta ni Nini?

Planetariamu ya kompyuta ni programu inayochora anga kama linavyoonekana kutoka mahali fulani, katika tarehe na saa fulani. Miongoni mwa zile za bure, inayojulikana sana ni Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, ambayo hupakuliwa bila malipo na pia hufunguka ndani ya kivinjari. Wengi wanaoifungua mara ya kwanza hudhani kwamba wanatazama picha zilizopigwa usiku huo, kumbe mahali pa kila nukta kwenye kioo pametokana na hesabu.

Hesabu hiyo huanzia kwenye orodha ya nyota. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 1989, ilipima mahali zilipo nyota zaidi ya 118,000, na orodha yake, iliyochapishwa mwaka 1997, imekuwa msingi wa programu nyingi za aina hii. Sayari kama Zuhura na Mshtarii, kwa kuwa huhamahama kati ya nyota, hukokotolewa kwa kanuni za mizunguko yake. Baada ya hapo programu huhitaji kujua mambo mawili tu: mtazamaji yuko wapi, na ni saa ngapi.

Jambo la kwanza ndilo linalosahaulika zaidi, na likikosewa anga zima huwa la watu wengine. Ukiiweka programu Paris, Nyota ya Kaskazini itasimama karibu nyuzi 49 juu ya upeo wa macho. Ukiihamishia Dar es Salaam, nyota hiyo haionekani kabisa. Katika Stellarium, bonyeza herufi G ili ardhi iondolewe, nawe utaikuta nyuzi kama 7 chini ya upeo.

Kuhusu saa, jaribu tarehe 20 Novemba, saa moja na nusu usiku, ukiwa hapo hapo Dar es Salaam: Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, kitakuwa kimeshachomoza mashariki, kikielemea kaskazini kidogo. Kila ukisogeza tarehe kwa siku moja, kitachomoza takriban dakika 4 mapema zaidi, kwa sababu Dunia hukamilisha mzunguko wake mmoja kwa kuzilinganisha nyota katika saa 23 na dakika 56.

Nyotamkia na setilaiti zinazopita ni habari nyingine, kwani njia zake hubadilika, na programu isiyopata data mpya kupitia intaneti itazionyesha mahali ambapo hazipo.