Masega Hayazibi Yenyewe

Gari ikikosa nguvu hapa Unguja, hukumu inatoka barazani kabla haijafika gereji: masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, yameziba, yatolewe. Mwenyewe akija hataki kupimiwa, anataka kukatiwa. "Fundi, madude haya ya Japani huku kwetu hayafai. Ukiyatoa gari inavuta na mafuta inakula kidogo." Jamani, nimechoka. Naandika ili atakayekuja kesho nimpe simu asome mwenyewe.

Masega mazima hayaibi nguvu ya kuhisika. Ndani ni kauri yenye vitundu vyembamba, kawaida kama 400 kwa kila inchi ya mraba, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapita moja kwa moja. Yakishapata moto wa nyuzi 300 hivi, petroli iliyobaki inamalizika kuungua, na gesi zenye sumu zinageuzwa. Basi. Hayachuji kitu, kwa hiyo hayajai uchafu kama eakilina. Enzi ya petroli yenye risasi hoja ya kuyatoa ilikuwa na mashiko, maana risasi iliyaua kweli. Lakini petroli hiyo ilishaondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na ushauri bado ule ule!

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Masega yakiziba, yameuliwa, na muuaji yuko kwenye injini. Koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ikifa gari inamisi, yaani silinda moja haiwaki, petroli mbichi inateremka kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega. Joto likishapita sana nyuzi 1,000, kauri inayeyuka, inaganda donge. Au ringi za pistoni zimechoka, injini inakula oili, na fosforasi ya kwenye oili inayafunika yale madini taratibu. Ukitoa masega ukaiacha koili, umezika maiti na muuaji umemkaribisha futari. Gari itavuta siku mbili tatu, mwenyewe anashangilia, kisha anarudi kulalamika mafuta yanakwisha. Yasikwishe vipi, na koili ingali mbovu?

Taa ya injini ikiwaka tuli, nyumbani utafika. Ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta, usilazimishe: hapo ndipo masega yanapoungua.

Na huyo anayekutolea bure? Rodiamu, gramu kwa gramu, imewahi kuipita dhahabu kwa mbali. Sadaka ya namna hiyo ichunguze.

Kupima si kazi kubwa. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha, pandisha injini mizunguko 2,500. Ikipita psi 3, ndiyo, njia imeziba. Kazi kubwa ni kuifungua sensa yenyewe, maana kwa chumvi ya bahari yetu imeshikana na kutu. Injini iwe na uvuguvugu, pulizia dawa ya kutu, subiri, usiivunje kwa mabavu. Msomaji wa mashine akikuonyesha P0420, namba ya kosa inayodai masega hayafanyi kazi, usikimbilie dukani. Ekzosi inayovuja karibu na sensa, au sensa iliyochoka, zinaweza kuleta namba hiyo hiyo. Vitabu vinasema pia upime joto, kutokea kuwe na moto kuliko kuingilia. Napima, lakini siamini sana. Injini inayochoma vizuri haiachi kitu cha kuunguzwa, na masega mazima yanaonekana kama yamekufa.

Kuyaosha kwa sabuni na ndimu, sahau. Kauri iliyoyeyuka haioshwi.

Ukibadilisha, tibu kwanza kilichoyaua, weka gasketi mpya, fuata mshale wa upande moshi unakokwenda, na usipake silikoni ovyo karibu na sensa. Mapya ya bei chee madini yake huwa haba, taa inarudi upesi. Mimi hupendelea yaliyotumika ya Japani: mulika tochi upande mmoja uone mwanga upande wa pili, tikisa, yakilia kama kokoto, mrudishie mwenyewe. Bahati nasibu kidogo ipo, sikatai.

Ama nyinyi mlioyatoa tayari na mnataka niwazibie taa ya dashibodi kwa tepu nyeusi: ng'o. Siku injini ikimisi mtajulia wapi, barazani?